Maji Yaliyokuwa Chini ya Mti

Kama utomvu umekuingia machoni leo, usiendelee na karatasi hii. Mwambie anayekusomea aiweke chini, alete maji, akumwagie machoni mpaka mkono wake uchoke, kisha abadilishe mkono. Mkimaliza, nendeni hospitali. Maneno yangu yatawangoja. Mimi mwenyewe nilingoja miezi mitano juu ya benchi, kwa hivyo habari za kungoja nazijua.

Naitwa Mutinda, na kwa miaka kumi na minne nilikuwa fundi wa kuangusha miti upande wa Mukuyuni. Sisemi kukata msitu, hiyo kila mtu anaweza. Nasema ile miti inayosimama karibu na nyumba, karibu na darasa, juu ya mabati ya watu, ambayo ukiiangusha nzima unajenga upya. Unapanda mpaka juu, unaikata kipande kwa kipande, na mwenzako aliye chini anavuta kamba ili kila kipande kianguke pale mlipokubaliana. Mwenzangu alikuwa Kilonzo. Tulipanda miguu mitupu, panga ikining'inia kwa kitanzi mkononi. Kiunoni hatukujifunga chochote, kwa sababu mafundi waliotutangulia walituambia mtu aliyejifunga kwenye mti huanguka pamoja nao. Nikifikiria sasa, nashangaa tu kwamba hatukufa wengi.

Mti ulionipata haukuwa hata mrefu. Unajua ile miti isiyo na majani, yenye matawi manene ya pembe pembe, ambayo ukiigusa na panga inatoa utomvu mweupe mpaka unatiririka? Sisi tuliuita mti wa maziwa. Washirika wa kanisa moja pale Mukuyuni walitaka kuongeza jengo lao, na miti mitatu ya namna hiyo ilikuwa imesimama pale pale ukuta ulipotakiwa kupita. Mti wa maziwa ulikuwa na masharti yake matatu. Upepo uwe mgongoni. Usikate tawi lililo juu ya kichwa chako. Na utomvu ukikuingia jichoni, usiguse maji hata kidogo, kwa sababu maji huuamsha na kuutawanya jicho lote. Tafuta mama anayenyonyesha akukamulie maziwa, hayo ndiyo huutuliza. Sharti la kwanza na la pili yalikuwa ya akili. La tatu lilikuwa la wajinga, na ndilo nililolishika kwa nguvu zaidi. Nililiamini tangu siku ya kwanza kushika panga, na sikuwahi kumwuliza mtu kama ameshawahi kujaribu.

Ilikuwa mwisho wa Septemba, ardhi imekauka, kila mtu anaangalia juu akingoja mvua. Mti wa tatu ulikuwa umeinamia mabati ya kanisa, na tawi moja halikufikika ila kutoka chini yake. Nilijiambia ni moja tu. Nilikata juu ya kichwa changu, uso wazi, bila kofia, bila miwani, na upepo ukageuka.

"Imeingia?" Kilonzo aliuliza kutoka chini.

"Imeingia."

"Yote mbili?"

"Nishushe, wacha maswali."

Alinishusha kwa kunishika visigino, akiweka mguu wangu mmoja mmoja kwenye kila panda mpaka nikakanyaga chini. Pale chini palikuwa na mtungi wa lita ishirini. Akina mama wa kanisa waliuleta asubuhi kwa punda kutoka mtoni, wakiwa wamechimba mchanga kupata maji hayo, ili sisi mafundi tunywe. Ulikuwa umejaa. Nilimsikia Kilonzo akifungua kifuniko.

"Mutinda, wacha nikumwagie hii maji."

"Usiniguse na maji. Unataka nipofuke?"

"Lakini inakuchoma."

"Ni macho yangu, najua inachoma. Nipeleke nyumbani kwa Mwikali."

Mwikali ni mke wangu. Miezi miwili kabla ya siku hiyo alikuwa amemzaa binti yetu wa kwanza, Ndinda, baada ya miaka minne ya watu kutuuliza maswali. Kilonzo alinipakia nyuma ya baiskeli yake na kunyonga kwa saa nzima kwenye jua, mimi nimemshika kiuno na kumtukana kila alipopita kwenye jiwe. Nataka ulikumbuke hilo. Saa nzima, na mtungi wa maji tumeuacha chini ya mti.

Mwikali hakupiga kelele. Alimweka mtoto kando, akaketi kwenye mkeka, akanilaza kichwa mapajani mwake na kunikamulia maziwa jicho la kulia, kisha la kushoto, kisha tena. Yalikuwa na joto. Nikamwambia, "Imetulia." Haikuwa imetulia, lakini nilimpenda sana saa ile, na sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Kufikia jioni macho yalikuwa yamevimba hata kope hazionekani. Kesho yake tulipanda basi kwenda hospitali ya misheni upande wa Kitui, mbele ya Kwa Vonza ambako ndiko kwao Mwikali. Tulipita karibu na boma la mama yake bila kusimama. Nililazwa wiki mbili. Daktari wa macho alikuwa mama mmoja wa sauti ya chini, na siku ya kwanza aliniuliza mambo yote, mpaka ni nini kilitiwa machoni kwanza. Mwikali alikuwa nje, kwa sababu watoto wachanga hawakuruhusiwa kuingia chumba kile.

"Hapakuwa na maji karibu?" daktari aliuliza.

"Hapakuwa."

"Pole. Ungeyaosha kwa maji mengi pale pale, labda tungekuwa tunaongea mambo mengine leo. Saa nzima ni nyingi."

"Na maziwa ya mke wangu?"

"Maziwa si dawa ya macho, msirudie tena. Lakini si maziwa yaliyokuchoma. Ni ule utomvu kukaa."

Nilipoongozwa nje, Mwikali alinishika mkono na kuniuliza daktari amesemaje. Nilimwambia, "Amesema tungoje." Ilikuwa kweli, alisema hivyo pia.

Basi tukangoja. Baada ya kutoka wodini nilirudi kliniki kila Jumanne ya pili, macho yamefungwa pamba na bendeji, na nyumbani niliwekewa matone mara tatu kwa siku. Mwikali aliyafungua, akayaweka matone, akayafunga tena. Hakuna aliyejua kama nitaona. Daktari hakuwa mtu wa kukupa matumaini ya bure. Alisema jicho la kushoto limeumia zaidi, na la kulia linajaribu.

Kama hujawahi kukaa kliniki ya macho nikueleze. Benchi ni refu, limeegemea ukuta, na foleni husonga kwa makalio. Wa mbele akiitwa, kila mtu anasogea mahali pamoja. Mtu asiyeona anajua amesogea kwa sababu mbao anayokalia ina joto la mwenzake. Karibu na mlango wa daktari ndiko kulikokuwa na upepo mdogo, kwa hivyo nikisikia shingo inapoa nilijua nimekaribia. Kuna wanaolia, kuna wanaoimba tenzi kwa sauti ya puani, na kuna wanaobishana na sista kuhusu nani aliingia kabla ya nani. Jumanne tatu mfululizo niliketi na bibi mmoja ambaye mpaka leo sijui sura yake, namjua kwa harufu ya ugoro.

"Wewe ni wa nini?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Utomvu."

"Mimi ni wa uzee. Huyu anayekushika mkono ni mke wako?"

"Ndiye, nyanya."

"Anakuangalia vizuri?"

"Ananiangalia."

"Basi wewe ni mgonjwa nusu," akasema, akanitia karanga mkononi.

Mwili nao ulinigeuka. Mikono yangu ilikuwa na sugu ngumu kabisa, mtu akinisalimia anashtuka. Mwezi wa pili wa kungoja sugu zilianza kubanduka zenyewe, nami nilikaa nikizichuna kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Nyayo zikawa laini, nikikanyaga kokoto nasema ai. Tumbo likatoka. Kila asubuhi kope zilikuwa zimegandamana, na Mwikali alizilowesha kwa maji ya vuguvugu polepole mpaka zikaachana, akinihesabia moja, mbili, tatu, kama mtoto anayefundishwa kuhesabu. Halafu nilikuwa na hasira. Niligombana na kuku, na milango, na sufuria iliyoachwa njiani. Mtu asiyeona anadhani kila kitu kimewekwa pale kumkomoa.

Ndinda ndiye aliyenituliza. Nilikuwa nikiachiwa mtoto kila Mwikali akienda kuteka maji, na kwa kuwa sikumwona, nilimjifunza kwa uzito. Kila siku nilimwinua mara moja kwa mkono mmoja, nikamwambia amenenepa. Nilijua kisogo chake, kucha zake, na vile alivyokuwa akikunja kidole gumba ndani ya ngumi. Nilijua alipoanza kucheka kabla mtu yeyote hajaniambia, kwa sababu tumbo lake lilitikisika.

Sasa nifike kwa mama yangu, ambaye kwetu tunamwita mwaitu. Nisikilize vizuri, mwaitu si mtu mbaya. Baba alikufa nikiwa mdogo, akanilea peke yake kwa jembe na kwa kusuka vyondo, na mimi ndiye mwana pekee aliye naye. Mtu kama huyo akimwona mwanawe anapapasa ukuta kutafuta mlango, lazima atafute wa kulaumu. Mti hauwezi kulaumiwa. Akamlaumu Mwikali.

Alianza kidogo kidogo. Maziwa ya huyu mwanamke yalikuwa ya moto. Mwanamke aliyekaa miaka minne bila mtoto, maziwa yake hayajulikani. Aliyasema jikoni, halafu akayasema kwa akina mama wa kanisa, halafu akayasema mbele yangu. Mvua ya kwanza ya Novemba ilipoanguka, tuliketi sote ndani tukisikiliza mabati, naye akasema mtoto aachishwe.

"Mwaitu, huyu ana miezi minne," Mwikali alisema.

"Huyu mume wako alikunywa uji akiwa na miwili, na yuko hapa. Maziwa ikiharibu macho ya mtu mzima, itafanya nini ya mtoto?"

Mwikali alinigeukia. Nilijua kwa sababu sauti yake ilitoka upande mwingine.

"Baba Ndinda, wewe unasemaje?"

Nami nikasema, "Fanyeni vile mnaona ni vizuri."

Nimekata matawi mengi vibaya maishani, lakini hakuna nilichokata vibaya kuliko siku ile. Daktari alikuwa ameniambia wazi. Nilikuwa na maneno yake kinywani, na sikuyatoa. Umeniuliza kwa nini? Kwa sababu ningesema maziwa hayakuniharibu, swali linalofuata lingekuwa ni nini basi, na jibu lilikuwa mtungi wa lita ishirini. Kila mtu angejua kwamba macho yangu niliyaua mwenyewe, kwa kiburi, mbele ya akina mama waliochimba mchanga kutupatia maji. Niliona afadhali niwe mtu aliyepatwa na bahati mbaya. Kilonzo alijua habari za mtungi, lakini hakujua daktari alisema nini, na Kilonzo si mtu wa kuingilia nyumba ya mwenzake.

Mwikali alijifunga kifua kwa leso, akaikaza. Siku mbili alishikwa na homa. Nilimsikia akienda nyuma ya jiko kujikamua pale maumivu yalipozidi, nikasikia maziwa yakidondoka kwenye matope, na mtoto ndani analia. Kisha alinawa mikono, akaja kuniwekea matone, na vidole vyake vilikuwa bado vinanuka maziwa. Hakuwahi kuyaweka kwa hasira, hata mara moja. Alikuwa ameamini, mnaelewa? Aliamini kweli kwamba ni yeye aliyenipofusha. Mara moja aliniomba msamaha akiwa ananifunga bendeji. Nilimwambia asijali.

Krismasi ilipita. Maembe yakaja. Ndinda alikunywa uji na maziwa ya mbuzi, na tumbo lake halikukubali. Akaendesha, akapona, akaendesha tena. Mwaitu alisema ni meno. Halafu asubuhi moja ya Januari nilipewa nimshike, wao wawili wakiwa uani wanapiga ndengu zilizokauka. Nilimwinua kwa mkono mmoja kama kawaida yangu. Mkono ulipanda juu bila taabu. Nilimshusha, nikamwinua tena, kwa sababu nilidhani ni mimi niliyekosea. Alikuwa mwepesi kuliko alivyokuwa kabla ya mvua. Mtoto wa miezi sita alikuwa anarudi nyuma, na kilichokuwa kikimrudisha nyuma ni aibu yangu.

Nilitoka naye nikipapasa ukuta.

"Wacheni kupiga," nikasema.

Fimbo zikanyamaza.

"Kulikuwa na maji. Siku ile, chini ya mti, mtungi mzima. Kilonzo alitaka kunimwagia, mimi nikakataa. Daktari alisema ningeosha na maji ningepona. Alisema si maziwa. Aliniambia siku ya kwanza."

Kisha mwaitu akasema, taratibu sana, "Siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza."

"Na mimi umeniacha nikasema yale yote?"

Mwikali aliangusha fimbo yake. Alikuja akamchukua Ndinda mikononi mwangu, akaingia ndani, nikamsikia akiketi na kujaribu kumnyonyesha, na mtoto akilia kwa sababu hakukuwa na kitu. Alijaribu kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa amefunga vitu vyake kwenye leso. Alimwendea mwaitu, akamtia mkononi chupa yangu ya dawa.

"Ni matone mawili kila jicho," alimwambia. "Asubuhi, mchana na jioni. Unawe mikono kwanza. Na usimguse na mdomo ya chupa."

"Mama Ndinda, unaenda wapi?" mwaitu alimwuliza.

"Kwa mama yangu. Yeye anajua kurudisha maziwa."

Akaenda. Kwangu hakuniambia kwaheri, na sikustahili.

Mwezi uliofuata tulikuwa watu wawili wajinga ndani ya nyumba moja. Mwaitu aliniwekea matone kwa mkono mzito, nusu yanaingia sikioni. Hakunigombeza tena baada ya siku ile. Mara moja tu, akiwa ananiosha kope, alisema, "Mimi ndiye nilimwambia akaze leso," na mkono wake ukasimama usoni mwangu muda mrefu. Nilimwambia mimi ndiye niliyenyamaza. Hatukulisema tena, lakini tulianza kula pamoja, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu nioe. Usidharau vitu hivyo vidogo ukiwa mgonjwa. Ndivyo vinavyokubeba.

Jumanne moja ya Februari Kilonzo ndiye aliyenipeleka hospitali. Daktari alifungua bendeji, akaosha, akaniambia nifumbue. Kwanza niliona weupe tu. Halafu nikaona dirisha, halafu kitasa cha dirisha, halafu mtu. Yule daktari niliyemdhania mama mzima alikuwa msichana, pengine mdogo kuliko Mwikali, na alikuwa anang'ata mdomo akingoja niseme. Nikamwambia ana kalamu mbili mfukoni, moja haina kifuniko. Alicheka mpaka sista akaingia kuona kuna nini. Jicho la kulia lilikuwa limerudi. La kushoto huona mwangaza na vivuli tu mpaka leo, na lina baka jeupe ambalo watoto hunikodolea. Nililia, na machozi hayakuchoma.

Kabla sijaendelea niseme neno la kazi, nisije nikalisahau, maana ndilo lililonifanya niandike. Sipandi tena. Mtu wa jicho moja hajui tawi liko mbali kiasi gani, na asikudanganye mtu kwamba utazoea. Mimi ni mtu wa chini sasa, navuta kamba na kupiga kelele. Anayepanda mti nikiwa chini yake anajifunga kamba kiunoni, na panda inayoibeba kamba hiyo iko juu yake, si chini. Anavaa miwani ya welda, hata akisema ana joto. Hakati juu ya kichwa, na tawi lisilofikika vizuri tunaliacha mpaka tupate ngazi. Na kabla ya yote nauliza maji yako wapi. Si ya kunywa, hayo ni mengine. Nauliza ya macho. Vijana hunicheka, wananiita mzee wa mtungi, na mimi naitika.

Tulipotoka hospitali Kilonzo alitaka twende moja kwa moja Mukuyuni tukawaonyeshe watu. Nilimwambia tushuke Kwa Vonza.

"Unaenda kwa mama mkwe? Hivyo, bila kutuma mtu?"

"Hivyo."

"Mutinda, utasema nini pale?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwetu kuna heshima tunayoiita nthoni. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja hutoka kando. Ukifika bomani kwake unakaa uani, macho chini, na maneno ya mwili hayatamkwi kati yenu hata kidogo. Nami nilikuwa naenda kumwambia mama mkwe habari za kifua cha binti yake.

Kilonzo alibaki barabarani. Niliingia bomani na jicho langu jipya, la siku moja, nikalielekeza mchangani. Palikuwa na kigoda, nikaketi. Karibu na mlango wa jiko niliona mkeka, na kwenye mkeka miguu ya Mwikali. Niliitambua. Nikasikia mtoto akinyonya, akivuta, akimeza, akipumua kwa pua. Alikuwa anameza kweli. Mwikali hakunisalimia.

"Ni nani huyo?" mama mkwe aliuliza kutoka ndani.

"Ni mimi, mama. Mutinda."

"Umekuja kuchukua mtu?"

"Hapana. Nimekuja kusema kitu."

"Sema."

Nikauambia mchanga. Nilisema maji yalikuwepo, nikayakataa. Nilisema maziwa ya Mwikali hayakuniharibu, na kwamba nililijua hilo tangu siku ya kwanza hospitalini, nikanyamaza mpaka akatukanwa, mpaka akajifunga leso, mpaka mtoto akakonda. Masikio yalikuwa yananiwaka moto. Sikuwahi kufikiria ningetamka neno maziwa mbele ya mama yule.

Kisha akauliza, "Unaona sasa?"

"La kulia linaona."

"Vizuri?"

"Vizuri, mama."

Nilisikia mlango, kisha nikaona ncha ya leso yake na miguu mitupu iliyojaa vumbi la shamba. Alisimama hatua tatu kutoka kwangu, karibu kuliko alivyowahi kusimama.

"Mimi nimesikia," alisema. "Lakini si mimi ulinikosea. Na wewe unaongea na mchanga. Inua uso, umwambie yeye."

"Mama, siwezi. Wewe uko hapa."

"Mimi nitaangalia kule," akasema, na miguu yake ikageuka, visigino vikanielekea.

Nikainua uso. Mwikali alikuwa ameketi na mtoto kifuani, ananitazama, na kabla ya kumwambia yote niliyokuja nayo, nikamwona. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani. Mifupa ya mabega ilikuwa imesimama, na mkono uliomshika Ndinda, ule ule ulionifungua macho kila asubuhi, ulikuwa mwembamba kama wa mgonjwa. Alikuwa amekwisha kwa kukonda, na katika miezi yote ile hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa ameniambia.